Eksrei Mbili za Taya Moja

Hakuna kitu kinachoweza kunishtua mimi. Nilikuwa nasema hivyo kabla sijaugua, na waliofanya kazi nami watakuambia. Niliacha shule darasa la sita, nikasukuma mkokoteni Kondele, hapa Kisumu, mpaka mabega yakawa magumu kama ya ng'ombe wa plau. Kuchomelea vyuma nilijifunza kwa kumtazama mtu mwingine akichomelea. Leo ukifika Nyamasaria, kwenye barabara ya Nairobi, utaiona karakana yangu kabla hujaiona ya mtu mwingine yeyote. Nimeona ziwa likipanda likaingia vyumba vya watu. Nimeona magugu yakifunga maji mpaka boti zikakwama kama lori kwenye matope. Nimeibiwa na watu waliokula mezani kwangu. Sikushtuka.

Sasa kitu kilichonichanganya akili karibu mwaka mzima kilikuwa picha, tena picha ndogo kuliko kiberiti.

Naandika haya kwa sababu naweza tena kula samaki bila mtu kunitolea miiba, na kwa sababu najua kuna mwanamume mahali fulani ameshika kidevu chake, ameambiwa hivi na daktari mmoja na vile na mwingine, na hataki kumuuliza mkewe maana atajibiwa. Huyo ndiye ninayemwandikia. Mambo ya kitabibu sitayaeleza, hata yale niliyoelezwa sikuyaelewa yote.

Ilianza mvua ndefu zikiwa zimekolea. Maji baridi yakigusa meno yangu ya mbele ya chini, nahisi kama mtu amenichoma msumari. Miaka ya nyuma bomba la chuma liliteleza karakanani likanipiga kidevuni, nikatema damu, nikaendelea na kazi. Kwa hivyo jino kuuma halikuwa jambo la kunilaza. Lakini ufizi ulivimba chini ya mdomo, ukapasuka, ukatoa maji yenye ladha ya senti niliyokuwa nanyonya nikiwa mtoto.

Wakati huo nilikuwa Bondo, naweka madirisha ya shule fulani. Mwalimu akanielekeza kwa daktari wa meno mzee, mwenye chumba kimoja nyuma ya soko. Akanifungulia mdomo, akaweka ndani kitu kigumu kama kipande cha kadi.

"Shikilia hicho kwa kidole chako," akasema. "Usitingishike."

Mashine ikalia mara moja. Akachukua ile kadi akaingia nayo kwenye kichumba cha giza chenye taa nyekundu. Nikasikia maji yakichuruzika. Alipotoka alikuwa ameshika filamu kwa kibanio, inadondosha matone, akaipandisha kwenye mwanga wa dirisha.

"Unaona hapa kwenye mizizi? Kuna kivuli kidogo. Si kikubwa. Kunywa dawa hizi zote, halafu uende Kisumu wakupige picha ya taya lote."

Mimi nilisikia "si kikubwa". Hayo mengine yalipita juu ya kichwa changu. Nilikunywa dawa, uvimbe ukashuka, na ile filamu nikaiweka kwenye pikapu, pale juu ya kioo. Mtu akiniuliza habari za afya, naitoa naishika dhidi ya jua. "Tazama mwenyewe," namwambia. "Hii ni chuma." Nilimwonyesha fundi wangu, nikamwonyesha pasta, nikamwonyesha hata mteja aliyekuja kudai geti lake lililochelewa.

Baridi ya katikati ya mwaka ilipoingia, kidevu kikaanza kufa ganzi. Unajua ukilalia mkono usiku unaamka si wako? Hivyo ndivyo mdomo wangu wa chini ulivyokuwa mchana kutwa. Chai ilinimwagikia kifuani bila mimi kujua, mpaka mke wangu, Mama Achieng', akaanza kunipangusa mbele ya wageni kama mtoto. Hiyo iliniuma kuliko jino. Yeye ndiye aliyenipeleka kliniki ya Kisumu. Mimi nasema niliendesha gari, lakini ukweli yeye ndiye aliyenipeleka.

Chumba cha kungojea kilikuwa na televisheni isiyo na sauti na viti vilivyonata. Pembeni yangu alikaa mama muuza samaki, shavu limevimba kama amefichia ndizi. Nikamweleza kwamba mimi sina shida kubwa, nimekuja tu kumtuliza mama watoto, na kwamba nina karakana.

"Baba," akasema, akiongea kwa upande mmoja wa mdomo, "hilo jino lako linajua kama uko na karakana?"

Mke wangu alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Nami ningecheka, ila mdomo haukuwa wangu.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mzaliwa wa Murang'a, sauti ya upole. Alinigonga meno ya chini moja moja kwa nyuma ya kijichuma chake. Hapo tulielewana. Mimi pia hugonga bomba kusikia kama limepasuka, na meno yangu ya mbele yalikuwa yanatoa sauti ya bomba bovu. Kisha akaniwekea mdomoni kidude chenye waya kilichovalishwa plastiki. Hakuna kadi, hakuna chumba cha giza. Kabla sijameza mate, meno yangu yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, makubwa kama mawe ya kaburi.

"Baba, naona sehemu nyeusi hapa, chini ya mizizi," akasema. "Ngoja niione vizuri."

Akashika kile kipanya chao, akavuta kitu. Picha ikabadilika. Ile sehemu nyeusi ikawa nyeusi zaidi. Akavuta tena, ikapanuka ikajaa kioo.

"Hapo umeongeza," nikamwambia.

"Sijaongeza kitu. Nimebadilisha mwangaza tu, ili mipaka yake ionekane."

"Nimekuona kwa macho yangu. Ilikuwa kidogo, ukaongeza."

"Baba, ni shimo ndani ya mfupa. Nataka nipige picha ya taya lote leo hii, sababu likiachwa, taya linaweza kuvunjika hata ukitafuna mahindi."

Niliinuka. Nilitoka mpaka kwa gari na kitambaa cha buluu walichonifunga kukinga mate bado kimening'inia shingoni, nikaendesha nacho hadi karakana bila kumsubiri mke wangu, na hakuna fundi hata mmoja aliyethubutu kuniambia.

Sasa inabidi nieleze kwa nini, la sivyo utaniona mjinga.

Baba yangu alikuwa mtu wa zamani. Enzi zao kijana Mjaluo akifika umri aling'olewa meno sita ya mbele ya chini, ndipo ahesabiwe kuwa mtu. Baba alikuwa na lile pengo tangu nimjue. Alipiga mluzi kupitia hapo. Alipofariki nilitaka picha kubwa ya mazishi, ya heshima, si zile za watu wa kawaida. Nikapeleka picha yake ya pekee studio ya Kondele, kwa kijana anayeitwa Odhis. Nikamwambia amvue shati kuukuu, amvalishe suti na tai, nyuma aweke nyumba ya ghorofa. Halafu, kwa kuwa Baba alikuwa amecheka kwenye ile picha, nikamwambia aweke meno.

"Ya mbele yote, mzee?"

"Yote. Meupe."

Nilisimama nyuma yake nikitazama. Alishika kipanya hicho hicho, akavuta, akaongeza mwanga, akapunguza, na kwa dakika chache Baba akawa na meno kama ya mtangazaji wa televisheni. Siku ya mazishi shangazi yangu, dada yake, alisimama mbele ya ile picha akakataa kulia. "Mnataka nimlilie nani hapa?" akauliza. "Huyu ni mtu wa wapi?" Watu walidhani ni uchungu umemzidi. Mimi nilijua. Ile picha nikaitundika sebuleni kwangu na iko pale.

Kwa hivyo mtu akikaa mbele ya kompyuta aniambie mdomoni mwangu kuna hiki na hiki, mimi najua kompyuta inavyoweka na inavyotoa. Nimeilipa kwa kazi hiyo. Filamu ya Bondo je? Ilitoka mdomoni mwangu, nimeishika kwa kidole changu, imekaushwa mbele ya macho yangu. Unaweza kuikunja. Ikianguka inalia. Hiyo ndiyo picha.

Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri hivyo wakati wote wa mvua fupi huku nikitafuna dawa za maumivu kama njugu.

Nyumba ikaharibika. Nilikula ugali uliopondwa ndani ya mchuzi. Usaha ulitoka, ukakauka, ukatoka tena. Harufu ya mdomo wangu niliisikia mwenyewe, ndipo nikaelewa kwa nini mafundi walianza kusimama mbali nikiwapa maagizo. Mama Achieng' alihamia chumba cha wageni akasema ni joto. Binti yetu Achieng', aliyekuwa likizo kutoka chuo, alijaribu kunieleza.

"Baba, hiyo ya daktari si kama ya simu. Ile ya kwanza inabaki, haifutiki. Yeye anabadilisha vile inaonekana tu."

"Wewe uso wako kwa simu una chunusi?"

Akageuza simu yake uso chini.

"Na hapa mezani?"

"Baba, wacha hiyo."

Niliona nimeshinda. Nilikuwa nashinda kila siku, na kila siku jino lilikuwa linacheza zaidi. Nililisukuma kwa ulimi, likaenda mbele, likarudi. Halafu jirani yake naye akaanza.

Siku moja ya Jumapili tulikuwa tunakula samaki wa mbuta. Nilifinya kipande kidogo, laini kabisa, nikauma, na kitu ndani ya kidevu kikafanya mlio. Si maumivu, mlio tu, kama mtu amekanyaga kopo tupu chumba cha pili. Nikaacha mkono hewani. Mke wangu aliusikia kutoka upande wa pili wa meza. Hakupiga kelele. Alitazama ukutani, kwa Baba na meno yake, kisha akanitazama mimi.

"Baba Achieng'," akasema, "kompyuta ilipokuwekea meno ulilipa ukashukuru. Sasa inakuambia yanatoka, ndiyo imekuwa mwongo?"

Nikasukuma sahani kando. Nikasema nitarudi kwa daktari, lakini kwa sharti langu: nipigwe filamu na nipigwe ya kompyuta, siku moja, meno yale yale, nizilinganishe mwenyewe.

"Hata ukitaka tupitie kwa mchoraji, tutapitia," akasema. "Twende tu."

Tulianza Bondo. Yule daktari mzee alinikumbuka. Alinitazama mdomo, akaacha utani aliokuwa ameanza.

"Nilikuambia uende Kisumu."

"Ulisema si kikubwa."

"Nilisema si kikubwa na uende Kisumu. Omera, ndugu yangu, ulichukua nusu ya maneno ukaniachia nusu?"

Nikamwambia nataka filamu, nimechoka na picha za kupikwa. Akacheka kidogo, akanipiga picha, kisha akanishika mkono, akaniingiza kwenye kile kichumba cha taa nyekundu pamoja naye. Akachovya filamu kwenye dawa ya kusafishia picha.

"Tazama hapa, mzee. Nikiitoa mapema, inakuwa nyeupe na ugonjwa unajificha. Nikiiacha ikae sana, inakuwa nyeusi, na mtu mzima wa afya anaonekana ameoza. Dawa ikizeeka nayo inadanganya. Ile yako ya kwanza, dawa yangu ilikuwa imezeeka. Ndiyo sababu nilitaka upigwe nyingine."

Kumbe hii nayo hupikwa, tena kwenye giza, na mtu mmoja, hakuna anayemwona. Nilikuwa nimebeba kwenye gari, mbele ya pasta, picha ambayo haikuiva.

Filamu mpya ilikuwa na weusi uliofika ukingoni kabisa, ukakatika pale filamu ilipoishia. Nilimuuliza weusi unaishia wapi. Akasema kwa filamu ndogo hawezi kujua.

Tulirudi Kisumu ikiwa haijakauka vizuri, mke wangu ameishika kwa ncha za vidole njia nzima. Yule msichana wa Murang'a hakunikumbusha kile kitambaa cha buluu. Aliniwekea kidude chake cha waya, kisha akanisimamisha kwenye mashine kubwa inayozunguka kichwa, nimeuma kijiti, nimeambiwa nisimeze mate. Baadaye akawasha kisanduku cha mwanga, akabandika filamu zote mbili, ya zamani na ya leo, kando ya kompyuta.

Nilizitazama kwa muda mrefu. Nakwambia ukweli, nilitafuta tofauti kama mtu anayetafuta wembe kwenye unga. Filamu mpya ilikuwa kali zaidi, ungeweza kuhesabu nyuzi za mfupa. Ya kompyuta ilikuwa kubwa, laini, unaweza kuigeuza. Lakini shimo lilikuwa lile lile, umbo lile lile. Na nilipoitazama tena ya zamani, ile niliyoiita chuma, kivuli kilikuwepo pia. Hafifu, lakini kilikuwepo. Nilikuwa nimekionyesha kwa watu miezi yote hiyo nikiwaambia watazame wenyewe. Ile ya taya lote ndiyo iliyoonyesha mwisho wake: kutoka mzizi wa upande huu hadi wa upande ule, jeusi kama sufuria.

"Sasa ipi ni ya kweli?" nikamuuliza daktari. Nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa, sioni haya kusema.

"Zote, baba. Lakini wewe huamini picha, na mimi siwezi kukulazimisha. Weka kidole gumba hapa, chini ya mdomo, juu ya mfupa. Bonyeza polepole."

Nikabonyeza. Mfupa ukaingia ndani. Ukatoa mlio mdogo, ule wa mezani, nilipolegeza ukarudi.

Mimi nimeshika mabati maisha yangu yote. Najua bati lililoliwa na kutu kwa ndani, ambalo rangi ya nje bado inang'aa na mwenye nyumba anakuapia ni zima. Unabonyeza hivi hivi kwa kidole gumba. Likiingia ndani, humwambii mwenye nyumba maneno mengi. Nilikaa kwenye kile kiti kidole kikiwa kidevuni, na mke wangu akaja akanishika bega, hakusema "nilikuambia". Hajasema mpaka leo, na hiyo naihesabu kati ya mema aliyonitendea.

Nilipasuliwa jua la Januari likiwa kali, magugu yamejaa ghuba yote. Hospitali nilingoja na watu waliovunjika kwa pikipiki, mimi nikiwa sijaanguka popote. Nilipoamka kichwa kilikuwa kizito kama nanga na kidevu kimefungwa. Uvimbe wenyewe, ule mfuko uliokuwa unakula mfupa, ulitoka mzima. Walipeleka kipande kupimwa. Majibu yalichukua muda, na katika kungojea huko ndipo nilijua kwamba mimi pia naogopa, jambo ambalo sikuwa nimepata nafasi ya kulijua. Haikuwa saratani. Achieng' ndiye aliyeenda kuchukua majibu. Alinipigia akashindwa kuongea, nikadhani nimekufa, kumbe analia kwa furaha.

Meno manne yalienda. Niliishi kwa uji na mchuzi wa samaki uliochujwa kwa kitambaa, kwa mrija. Mama Achieng' alirudi chumbani kwetu, akasema joto limepungua, ilhali lilikuwa limezidi. Mafundi waliendesha karakana vizuri bila mimi, nikawalaumu kwa hilo.

Siku bandeji ilipotolewa nilijitazama kwenye kioo cha bafuni. Nikafungua mdomo. Sijui nieleze vipi. Baba alikuwa pale ananitazama. Uso wake, pengo lake, ila langu ni la manne na lake lilikuwa la sita. Nilijaribu kupiga mluzi. Ulitoka.

Meno ya bandia ninayo, navaa nikienda kanisani na kwa wateja wakubwa. Nyumbani huyaweka kwenye glasi. Hisia ya mdomo imerudi nusu, upande wa kushoto bado unalala, chai bado inanidanganya. Ukiniuliza ipi ni bora, filamu au kompyuta, nitakudanganya. Mimi nimeona zote zikisema kweli na nimejua zote zinavyoweza kusema uongo, na hapo ndipo akili yangu iliposimama. Ninachoweza kukuambia ni hiki: ukionyeshwa kivuli, uliza kinaishia wapi, usiondoke kabla hujajibiwa. Na weka kidole chako mwenyewe pale.

Mvua ndefu zilipoanza tena nilishusha ile picha ukutani nikaipeleka Kondele. Odhis alidhani nataka kubwa zaidi.

"Mtoe meno," nikamwambia. "Ya chini, sita. Suti wacha."

"Mzee, kutoa ni bei ile ile ya kuweka."

"Toa."

Shangazi yangu alipokuja kututembelea alisimama mbele yake sebuleni, na safari hii alilia mpaka tukamletea kiti.

Kwa hivyo hesabu yangu ni hii, nimeifanya mwenyewe bila kuombwa na mtu. Filamu mbili za Bondo, za kompyuta za Kisumu, upasuaji, kitanda, dawa, kipande kilichopimwa, meno ya kwenye glasi, na yale ya Baba, kuyaweka na kuyatoa: shilingi laki moja, elfu thelathini na nane, mia sita na hamsini.